Kimepita tarehe: nile au nitupe? Dalili kwa dalili

Nimekuwa muuzaji kwenye duka la vyakula Tanga kwa miaka tisa. Kuliko bei ya sukari, kuliko habari za mkopo, swali nililoulizwa mara nyingi zaidi ni hili: "Dada, hii imepita juzi tu, haina neno?" Mwenye kuuliza ameshika pakiti ya tambi, au kopo la maziwa ya unga, au chupa ya jemu iliyokaa kabatini tangu Idi. Anataka ndiyo au hapana. Mimi humrudishia swali: ilikaa wapi, na ilifunguliwa lini?

Maana tarehe ni ahadi ya mtengenezaji, na ahadi hiyo ina masharti. Anasema: ukiiacha imefungwa, ukaiweka pale nilipokuelekeza, nakuhakikishia mpaka siku hii. Ukishakata pakiti, au friji ikilala bila umeme usiku kucha, ahadi imekwisha hata kama tarehe iko miezi sita mbele. Na upande wa pili, chumvi iliyopita tarehe mwaka mzima haijamdhuru mtu. Basi wapo wanaotupa chakula kizima na hali ngumu ya maisha tunaijua, na wapo wanaokula sumu iliyo ndani ya tarehe. Wote hao nawaonea uchungu.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Vijidudu vya kwenye chakula viko vya aina mbili. Kuna waharibifu: ndio wanaochachua mchuzi, wanaotia utelezi kwenye nyama, wanaonukisha maziwa. Hao wanajitangaza wenyewe. Halafu kuna watia sumu, ambao mara nyingi hawagusi harufu, rangi wala ladha. Pua yako ni shahidi mzuri wa kundi la kwanza. La pili haina habari nalo. Kwa hiyo "nimenusa, kiko sawa" ni nusu ya jibu.

Soma pakiti kabla ya kunusa

Geuza pakiti utafute herufi, si namba peke yake. MFG, MFD au PROD ni siku ya kutengenezwa. Nimeona watu wakitupa tambi nzima kwa kuisoma hiyo kama mwisho wake. EXP ni mwisho wa kutumia. BB, au maneno "bora kabla ya", ni habari nyingine: inazungumzia ubora, kwamba baada ya siku hiyo biskuti inaweza kulegea au majani ya chai kupoteza harufu. Mwaka 2018 Codex, ile taasisi ya viwango vya chakula ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), ilirekebisha kiwango chake cha lebo ili tarehe ya ubora na tarehe ya usalama zisichanganywe. Lakini madukani kwetu bidhaa nyingi zimepigwa EXP tu, toka chumvi hadi soseji. Herufi peke yake haikutoshi. Itabidi ukijue chakula chenyewe.

Angalia na mpangilio wa namba. Kitu alichokuletea ndugu kutoka Marekani husomwa mwezi kwanza: 08/03 ni tarehe 3 Agosti, si 8 Machi. Vya kutoka China na Japani mara nyingi huanza na mwaka.

Na kama wewe ni mtu wa kumimina unga na mchele kwenye ndoo zako, kata kile kipande cha pakiti chenye tarehe ukitumbukize pembeni ya ndoo au ukibandike kwa selotepu. Nusu ya maswali niliyoulizwa yasingekuwepo kama watu wangefanya hivi.

Imepita, lakini haina dalili yoyote

Hapa aina ya chakula ndiyo inayoamua.

Chumvi, sukari, siki, asali: endelea kutumia. Asali ikiganda haijaharibika, ni sukari yake imejitenga. Weka chupa kwenye maji ya moto italainika. (Ila asali, iwe mpya au ya zamani, haipewi mtoto wa chini ya miezi 12. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu cha botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia.) Mchele, tambi, maharage makavu, majani ya chai: kama ni vikavu, havina wadudu wala harufu ya unyevu, tarehe iliyopita kwa miezi kadhaa isikutishe. Maharage ya zamani yatakula mkaa wako tu, kwa sababu hayaivi upesi.

Makopo yaliyo mazima yana umri mrefu kuliko watu wanavyodhani. Vyakula vyenye uchachu kama nyanya na nanasi hubaki katika ubora wake mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Samaki, maharage na nyama miaka miwili hadi mitano. Kopo la maharage lililopita mwezi mmoja, halina kutu, halijabonyea kwenye mshono wala halijavimba, mimi nalifungua na kulipika.

Upande mwingine kuna vyakula ambavyo tarehe yake haina mjadala. Cha kwanza ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Mtoto yule hana chakula kingine, na virutubisho vilivyoandikwa vimehakikishwa mpaka siku ile tu. Usinunue yaliyopita hata kama unauziwa nusu bei. Likishafunguliwa, kopo limalizike ndani ya mwezi mmoja au kama lebo inavyosema. Na kwa kuwa maziwa ya unga si tasa, WHO inashauri yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado yana nyuzijoto 70 au zaidi, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto.

Cha pili ni soseji, poloni na nyama zote zilizo tayari kuliwa. Kuna bakteria anayeitwa listeria ambaye hukua ndani ya friji, pale ambapo wenzake wamelala. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko wa listeria uliotokana na poloni: zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walikufa, miongoni mwao watoto wachanga wengi. Mama mjamzito ndiye aliye hatarini zaidi. Anaweza kuhisi mafua tu, kumbe mimba inaharibika. Soseji iliyopita tarehe, hata inayonukia vizuri, itupe. Iliyo ndani ya tarehe ipike mpaka itoe mvuke hadi katikati.

Kopo limevimba, au pakiti imefura kama puto

Sababu ni gesi, na gesi ina mtengenezaji wake. Mara nyingine ni asidi ya nanasi au nyanya iliyokula bati. Mara nyingine ni bakteria walioponea kiwandani au walioingia kwenye tundu dogo la mshono, na miongoni mwao anaweza kuwemo yule wa botulizimu, ambaye hupenda mahali pasipo na hewa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Usilifungue "kuangalia tu", usionje kwa ncha ya ulimi. Lifunge kwenye mifuko miwili, ulitupe pasipofikiwa na watoto wala mbwa.

Najua kuna atakayesema sumu ya botulizimu hufa kwa kuchemshwa. Ni kweli, joto la nyuzijoto 85 kwa dakika tano au zaidi huiharibu. Lakini hujui kilichomo ndani ya kopo lile ni hiyo peke yake, na kosa moja kwenye kipimo hicho ni misuli ya kupumua kusimama. Kopo la samaki halina thamani hiyo.

Kopo lililobonyea je? Bonyeo dogo la ubavuni, laini, lisilogusa mshono, halina shida. Bonyeo lenye kona kali, au lililo kwenye ukingo wa juu au wa chini, liache. Kutu inayofutika kwa kitambaa si neno. Kutu iliyokula bati mpaka limekwaruza ni sababu ya kutupa.

Maziwa ya boksi yanayokaa nje ya friji hupashwa nyuzijoto 135 au zaidi kwa sekunde chache, ndiyo maana hudumu miezi. Boksi likifura, kuna kitu kimeingia baada ya hapo. Tupa, hata kama tarehe bado. Mtindi wa kikombe kifuniko chake kikiinuka, ni hamira za porini zinafanya kazi humo, tupa pia. Mtindi ukiwa na kifuniko bapa, umekaa kwenye friji muda wote, umepita siku mbili tatu, na una maji ya njano juu yake tu, koroga unywe.

Unga: mchungu, una mabonge, una wadudu, una ukungu

Sehemu hii nakuomba uisome mpaka mwisho, kwa sababu unga ndio tunaoula kila siku na ndio unaotuua kimyakimya.

Anza na uchungu. Ugali wa dona umekuwa mchungu au unakereketa kooni. Sababu ya kawaida ni mafuta ya kiini cha mahindi yaliyochacha. Dona limesagwa pamoja na kiini, kwa hiyo lina mafuta na halikai kama sembe lililokobolewa. Usishangae dona lililosagwa miezi miwili iliyopita likageuka kwenye joto la Pwani wakati sembe ya siku hiyohiyo bado nzuri. Uchungu huo wa mafuta hauui mtu leo, lakini chakula kimeshaharibika. Na kwa kuwa uchungu unaweza pia kuwa wa kuvu, usiulazimishe. Saga dona la wiki mbili tatu, si la msimu mzima.

Wadudu sasa. Fukusi kwenye unga, au utando wa nondo pembeni ya mfuko, unachukiza lakini wadudu wenyewe hawana sumu. Unga ukiwa mkavu, unanuka kama unga, chekecha upike. Ukiwa na nafasi kwenye friza, weka unga uliobaki siku nne. Mayai yao yatakufa. Ila wadudu hutoboa na kuleta unyevu, na unyevu huita kuvu, kwa hiyo unga wenye wadudu wengi uukague mara mbili.

Mabonge ndiyo dalili ninayoiogopa. Bonge linalovunjika kwa kidole likawa unga tena, bila rangi wala harufu, laweza kuwa la kugandamizwa gunia. Bonge gumu, lenye rangi ya kijivu, kijani au njano, au lenye harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, maana yake unga umepata maji na kuvu wameota. Hapo hapachekechwi. Unatupwa wote.

Kwa nini wote? Kwa sababu ya sumukuvu. Kuvu anayeitwa Aspergillus flavus na jamaa zake hutoa sumu ndani ya mahindi na karanga, na sumu hiyo haina rangi, haina harufu, na haiondoki kwa kupika. Ugali hauzidi joto la maji yanayochemka, yaani nyuzijoto 100. Sumukuvu inahitaji zaidi ya 200 ili ivunjike. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 walikufa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa ya kulima wenyewe, yaliyohifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu. Hayakuwa na tarehe yoyote ya kupita.

Na hao ni wale waliokula nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujiongezea hatari ya saratani ya ini, na zaidi sana kama ana homa ya ini aina ya B. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sehemu 10 tu za sumukuvu katika kila sehemu bilioni moja ya mahindi, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mwenye mashine ya kusaga mtaani hana kipimo hicho, kwa hiyo kazi yako ni kuchambua punje kabla hazijaenda mashineni: toa zilizooza, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika. Kuchambua na kukoboa hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Kwenye unga uliokwisha kusagwa nafasi hiyo haipo tena.

Karanga ni hivyohivyo. Ukitafuna punje moja ikawa chungu, iteme, usimeze kwa adabu. Iliyosinyaa, nyeusi au yenye vumbi la kijani itoe. Nasema haya nikiwafikiria zaidi akina mama wanaosagisha unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya na karanga kwenye mfuko mmoja, kwa ajili ya mtoto wa miezi minane. Karanga zenye mafuta huufanya unga huo uchache haraka kuliko unga mwingine wowote, na karanga mbaya moja husambaa kwenye uji wa mwezi mzima. Saga kidogo, wa wiki mbili, chambua karanga punje kwa punje, weka kwenye chombo kikavu kinachoziba. Kama unga wa lishe wa dukani umepita tarehe, usimpe mtoto.

Halafu ile tabia ya kusema "basi tuwape kuku" au "apewe ng'ombe". Sumukuvu humdhuru kuku pia, na ng'ombe wa maziwa aliyekula pumba zenye kuvu huitoa sumu ndani ya maziwa. Utakuwa umeitoa kwenye sufuria ukairudisha kwenye kikombe.

Ukungu kwenye vitu vingine

Mkate ulioota ukungu pembeni haukatwi ukaliwa upande wa pili; nyuzi za ukungu hupita ndani ya vitu laini usikoziona. Vivyo hivyo mtindi, nyanya iliyopikwa, jemu, maandazi, chapati, matunda laini. Usiunuse kwa karibu, mbegu zake huingia puani. Vitu vigumu, kama karoti, kabichi au jibini ngumu, unaweza kukata sentimita mbili na nusu kuzunguka doa bila kisu kugusa ukungu wenyewe, na kilichobaki kikafaa.

Viazi mbatata vilivyogeuka kijani au kuota machipukizi si habari ya ukungu, lakini huulizwa pamoja. Kijani ni ishara ya solanini, sumu ya kiazi chenyewe, na kupika hakuiondoi. Doa dogo limenye kwa kina pamoja na jicho. Kiazi kilichokuwa kijani kote au kichungu kitupe.

Mafuta yananuka kama rangi ya ukutani

Yamechacha kwa hewa, mwanga na joto. Kidumu kilichokaa karibu na jiko, au mafuta ya kupima yaliyokaa kwenye chupa nyeupe kaunta kwenye jua, huharibika kabla ya tarehe. Hayatakulaza leo, lakini yatachafua mboga yote na tumbo litalalamika. Usiyachanganye na mapya ili "yasipotee", maana yataharibu na hayo mapya.

Kiporo: hakinuki, kimelala tu

Kiporo hakina tarehe, na ndicho kilichowalaza watu wengi niliowajua mimi kuliko kitu chochote cha dukani.

Baada ya hitma ya bibi yetu, pilau ilibaki hotipoti mbili. Shangazi alizifunika vizuri, akazizungushia kanga ili watoto wapate kifungua kinywa cha moto. Asubuhi pilau ilikuwa bado vuguvugu na inanukia iliki. Watoto watatu walikula saa mbili. Saa tano wote walikuwa wanatapika, mdogo kabisa hawezi hata kushikilia maji. Walipona baada ya kuwekewa dripu. Shangazi alijilaumu miezi, na mimi niliumia kwa sababu alichofanya ndicho sote tulichofundishwa: kufunika, kutunza joto.

Sababu ni bakteria wa wali, Bacillus cereus. Mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukipoa taratibu huamka, huzaana, na kuacha sumu ya kutapisha ambayo moto wa pili hauiondoi. Eneo la hatari ni kati ya nyuzijoto 5 na 60. Hotipoti ya nyumbani haiweki chakula juu ya 60 usiku kucha. Hukishusha polepole na kukilaza palepale wanapopapenda. Sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama wa shughuli nayo ina bakteria wake, hukaa katikati pasipofikiwa na hewa, na huleta tumbo la kuendesha siku inayofuata.

Kwa hiyo kipimo cha kiporo ni saa. Kilichokaa nje zaidi ya saa mbili baada ya kutoka motoni kimeshaingia shakani. Kwenye joto la Tanga, Dar au Mombasa mwezi wa Februari, linapozidi 32, hesabu saa moja. Kilicholala nje usiku kucha, hasa wali, nyama, samaki na chochote chenye tui la nazi, kisipashwe, kitupwe. Najua inauma. Ukitaka kisipotee, gawanya usiku uleule kwenye sahani pana au sinia ili kipoe upesi, funika, kiingie friji ndani ya saa hizo mbili, kiliwe ndani ya siku tatu, na kipashwe mara moja tu mpaka kitoe mvuke kote. Huna friji? Pika kinachoisha, na kilichozidi kimpelekee jirani usiku huohuo kingali moto.

Mchuzi wenye povu, maharage yenye uchachu, mboga inayovutika kwa ute: hizo ni dalili za waharibifu, na hapo pua imesema kweli. Kuongeza ndimu au kuunga upya kwa vitunguu kunaficha tu.

Umeme ulikatika, au LUKU iliisha usiku

Friji isipofunguliwa hutunza ubaridi kama saa nne. Friza iliyojaa huhimili saa 48, iliyojaa nusu tu huhimili saa 24. Baada ya saa nne za friji, nyama, samaki, maziwa fresh na viporo vinaondoka; siagi, jemu, matunda mazima na mboga za majani vinabaki. Kilicho kwenye friza ambacho bado kina barafu ndani yake kinaweza kugandishwa tena, utapoteza utamu kidogo.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hatukuwepo nyumbani. Gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka sarafu ya shilingi mia juu ya barafu, kiache humo siku zote. Ukirudi safari ukaikuta sarafu chini ya kikombe, kila kitu kiliyeyuka na kuganda upya wakati haupo, na tarehe za kwenye pakiti zile hazina maana tena.

Samaki anawasha mdomoni

Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa juani kabla ya kuwekwa barafu hujenga histamini kwenye nyama yao. Samaki anaweza kuonekana mzuri na kunuka bahari tu. Ukimla, ulimi unawasha kama pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, vipele vinatoka, ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, kumbe ni barafu iliyochelewa. Kukaanga hakuiondoi, kuweka kwenye kopo hakuiondoi. Ukihisi muwasho kwenye tonge la kwanza, acha, na wazuie na wenzako mezani.

Tarehe imefutika au imebandikiwa nyingine

Kwangu hii ni sababu tosha ya kutonunua. Pitisha kidole: stika juu ya stika, namba zilizokwaruzwa, wino unaong'aa kuliko maandishi mengine, tarehe ya kwenye katoni isiyolingana na ya kwenye pakiti. Mwenye duka muaminifu hatakasirika ukikagua. Tanzania Bara usalama wa chakula uko chini ya shirika la viwango (TBS) tangu 2019, Zanzibar ni wakala wa chakula na dawa (ZFDA), Kenya ni shirika la viwango (KEBS). Piga picha ya lebo na namba ya bechi uwapelekee. Ofa kubwa ya ghafla kwenye maziwa ya watoto au nyama za pakiti, anza kwa kuuliza tarehe kabla ya bei.

Nimeshakula, ndipo nikaona tarehe

Tulia. Ukila biskuti au tambi iliyopita, hakuna cha kufanya. Usijitapishe, usinywe maziwa "kukata sumu". Ikitokea kuhara au kutapika, kunywa ORS, ule mchanganyiko wa kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, na mtoto apewe na zinki kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha, hasa kwa mtoto.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona damu kwenye choo, homa kali, maji hayakai tumboni, mkojo umekoma, macho ya mtoto yamezama, au aliyekula ni mjamzito, mzee, mtoto wa chini ya miaka mitano au mtu mwenye kinga dhaifu. Macho yakigeuka manjano baada ya siku kadhaa za kula unga wenye mashaka, ni ini. Na mtu akianza kuona vitu viwili viwili, kope zikimwangukia, ulimi ukawa mzito na kumeza kukawa taabu, huku akili yake iko sawa na hana homa, usisubiri asubuhi: hiyo ni sura ya botulizimu, inayoanza mara nyingi saa 12 hadi 36 baada ya kula, na dawa yake hufanya kazi zaidi ikiwahi. Beba kopo au pakiti yenyewe, na chakula kilichobaki ndani ya mfuko uliofungwa, umkabidhi daktari.